PUA SI KIPIMO

Wanafunzi wenzangu, mwaka wa 2015 iligunduliwa kwamba bomba la mafuta litokalo Mombasa kwenda Nairobi lilikuwa limevuja huko Thange, Makueni. Mafuta yalizama ardhini, yakaingia mtoni na visimani. Mahali kama hapo sharti pasafishwe. Je, anayeshika koleo anakabiliwa na hatari gani?

Petroli ina kemikali iitwayo benzini. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hujikusanya shimoni, pale pale mchimbaji anapoinama. Huingia mwilini kupitia mapafu, na majimaji yake hupenya ngozi. Mwanzo ni kizunguzungu na kuumwa na kichwa. Mtu akiuvuta kwa miaka mingi, benzini huharibu uboho, yaani kiwanda cha damu kilichomo mifupani. Damu hupungua, na saratani ya damu yaweza kufuata.

Wengine hujigamba, "Mimi nimezoea, hata siisikii harufu!" Jamani, kilichozoea ni pua, si uboho. Wengine hunywa maziwa wakitoka kazini. Maziwa ni chakula chema, lakini hayaoshi mapafu wala damu. Kitambaa puani nacho huzuia vumbi tu, mvuke hupita.

Basi mfanyakazi apewe barakoa yenye kichujio cha mvuke, pamoja na glavu na buti zisizopenywa na mafuta. Hewa ya shimoni ipimwe kwa chombo. Anawe kwa sabuni kabla ya kula, na damu yake ichunguzwe mara kwa mara. Msimamizi akisema vifaa hivyo ni ghali, mwulizeni: damu ya mtu ni bei gani?