Seli zilizopandikizwa zinapouzidi mwili

Mgonjwa wa Parkinson hutetemeka mikono, viungo hukakamaa na hatua zake huwa fupi na nzito. Sababu ni kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kusogea bila shida. Tembe za levodopa humsaidia, lakini baada ya miaka kadhaa wagonjwa wengi huanza kujipindapinda na kurusha mikono bila kutaka. Hapo daktari hupunguza dawa (mgonjwa asijipunguzie mwenyewe!) na mwili hutulia.

Kuna wagonjwa, hata hivyo, ambao kupunguziwa dawa hakukuwafaa.

Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 40. Ishirini walipandikizwa ubongoni seli kutoka kwa vijusi vya mimba zilizotolewa. Wengine 20 walitobolewa fuvu tu, bila kuwekewa chochote, na hakuna mgonjwa aliyejua yuko kundi gani. Msomaji asishtuke, walikuwa wamekubali mapema, na baadaye wengi wa hao nao walipandikizwa.

Wenye umri wa miaka 60 kurudi chini walipata nafuu kiasi. Lakini baada ya mwaka wa kwanza, asilimia 15 ya waliopandikizwa walianza kujipindapinda, hata walipopunguziwa levodopa au kuachishwa kabisa. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2003, yaliwapata 13 kati ya 23.

Hapa ndipo penye uzito. Tembe unaweza kuiacha leo; seli iliyoshika ubongoni haing'oki.

Mwaka 2010, watafiti wa London waliwachunguza wagonjwa wawili waliopandikizwa nchini Sweden. Waligundua kwamba seli za serotonini zilikuwa zimejaa kupita kiasi mahali pa pandikizi. Seli hizo zinaweza kumwaga dopamini, lakini hazijui kuipima. Wagonjwa walipopewa buspironi, dawa ya kutuliza wasiwasi, miondoko ile ilipungua.

Siku hizi seli hukuzwa katika maabara, na watafiti huchagua aina wanayoitaka. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba wagonjwa 12 wa Marekani na Canada waliopandikizwa seli hizo walifuatiliwa kwa miezi 18, na miondoko hiyo haikuonekana kwa yeyote. Ni habari njema, ila 12 ni wachache, na wale wa 2001 nao walikuwa watulivu mwaka wa kwanza.