Kisanduku Cheupe Nyuma ya Nembo

Viungo vinavyoteremka kutoka Kinole na Matombo hupita Bigwa kabla ya kufika Morogoro mjini, na siku hizi si vyote vinavyouzwa kwa gunia. Mdalasini na pilipili manga hufungashwa pia kwenye mifuko midogo ya kaki yenye nembo ya mfungashaji. Malalamiko huanzia hapo: nembo iliyopendeza kwenye simu inatoka kwenye stika ikiwa imezungukwa na kisanduku cheupe. Lawama humwangukia mchapaji, ilhali mara nyingi faili lilimfikia likiwa limeshaharibika.

Kila kitone cha picha kwenye kompyuta kina kiasi chake cha nyekundu, kijani na bluu. Ili sehemu isiyochorwa ibaki tupu, faili linahitaji kutunza jambo la nne: kitone hiki kionekane kwa kiwango gani. JPEG, iliyotoka mwaka 1992 na kulenga hasa picha za kamera, haina nafasi ya jambo hilo. Ukihifadhi nembo humo, programu huziba utupu kwa rangi, aghalabu nyeupe. Na ikishaziba, basi. Kulifungua faili hilo na kulihifadhi upya kama PNG hakurudishi kitu. Utapata PNG yenye kisanduku kilekile.

PNG, iliyokuja mwaka 1996, inaweza kutunza viwango 256 vya kuonekana kwa kila kitone, ndiyo maana kivuli laini na kingo za herufi hubaki safi. GIF nayo inakubali utupu, ila kwa ndiyo au hapana tu, hivyo mduara hutoka na meno. SVG na PDF zinaweza kutunza mistari yenyewe badala ya vitone, na utupu ukabaki. Nembo ikaingia kwenye stika au bango la ukutani bila kupoteza ukali. Lakini picha ya JPEG iliyobandikwa ndani ya PDF inabaki na weupe wake. Jina la faili lisikudanganye.

Nembo nyingi, kwa ninavyoona, hufia njiani kwenye WhatsApp. Ukituma nembo kama picha, inabanwa na kugeuzwa JPEG. Itume kama hati, au kwa barua pepe. Kupiga picha ya skrini nako kunaua utupu. Vilevile jihadhari na picha za mtandaoni zenye miraba ya kijivu na nyeupe: nyingine ni JPEG za kawaida ambazo miraba hiyo imechorwa humohumo, nayo itachapwa.

Kwenye GIMP, kuhifadhi kwa kawaida hutoa faili la kazi la programu hiyo. PNG hupatikana kwa kuihamisha nje. CorelDRAW ina kisanduku cha kuweka tiki ili usuli uwe tupu unapotoa PNG. Canva huitoa huduma hiyo kwa wenye akaunti ya kulipia. Ukubwa nao uangalie: nembo ya upana wa sentimita 5, ikichapwa kwa vitone 300 kwa inchi, inahitaji upana wa vitone 590 hivi.

Kujaribu ni rahisi. Weka nembo juu ya mstatili wa kijani kizito, kisha juu ya mweusi. Kisanduku kikitokea, au ukungu mweupe kwenye kingo, mrudishie mbunifu. Usishtuke nembo nyeusi ikipotea kwenye simu yenye skrini nyeusi. Huenda faili ni zima kabisa.

Mifuko ya kaki ina mtego wake, na huu hauhusu faili peke yake. Printa za kawaida hazina wino mweupe. Mahali penye rangi nyeupe kwenye nembo haziweki kitu, na ukahawia wa karatasi unajitokeza. Kwa hiyo mwulize mbunifu mapema: herufi hizi ni nyeupe, au ni matundu? Kama ni lazima ziwe nyeupe, chapa kwenye stika nyeupe iliyokatwa kufuata umbo la nembo, au tafuta mchapaji mwenye wino huo.

Kabla ya kumlipa mbunifu fedha ya mwisho, dai faili la asili alilochorea, pamoja na SVG au PDF na PNG kubwa. Yahifadhi mahali pawili, mojawapo pasiwe kwenye simu.