Sikukuu ya Msimamizi: Nani Analipa, Nani Anakula?

SOMO LA KAMATI ZA PAROKIA



Wafadhili wengi huuliza, na wajumbe wa kamati nao huulizana: je, ni haki watu maskini watumie fedha nyingi kwa sikukuu ya siku moja? Katika somo hili tunakwenda Ufilipino, ambako swali hili limejadiliwa kwa muda mrefu. Wahispania walifika huko na Ukristo mwaka 1521, na leo zaidi ya robo tatu ya wananchi ni Wakatoliki. Karibu kila mji na kila kijiji kina mtakatifu msimamizi. Sikukuu yake huitwa fiesta: kuna Misa, maandamano, ngoma na chakula. Tuangalie mifano mitatu.

1. Ibada inayofuata saa za mkulima

Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, Wafilipino husali Misa tisa mfululizo kabla ya mapambazuko. Ibada hii huitwa Simbang Gabi. Ilianza enzi za utawala wa Wahispania, ili wakulima waweze kusali kabla ya kwenda mashambani. Watu hutoka usingizini saa tisa au saa kumi usiku, na njiani huona taa za umbo la nyota zikining'inia madirishani. Nje ya kanisa huuzwa bibingka, mkate wa mchele na tui la nazi unaookwa kwa makaa chini na juu. Watu wetu wa pwani wangeufananisha mara moja na mkate wa kumimina.

Kwa waumini ni siku za kuandaa moyo. Kwa wauzaji wa vyakula ni siku za kipato. Parokia nyingi sasa zina pia Misa ya jioni kwa wafanyakazi wasioweza kuamka alfajiri. Ibada imebaki ileile. Ratiba ndiyo iliyowafuata watu.

2. Mavuno mlangoni

Katika mji wa Lucban, mkoa wa Quezon, tarehe 15 Mei ni sikukuu ya Mtakatifu Isidori Mkulima. Familia hupamba nyumba zao kwa mazao: mpunga, mboga, matunda, na kiping, yaani vipande vyembamba vya unga wa mchele vyenye umbo la majani na rangi nyingi. Sanamu ya mtakatifu hupitishwa mbele ya nyumba hizo. Sherehe hii huitwa Pahiyas.

Jambo la kuzingatia ni kwamba pambo ndilo zao lenyewe. Mkulima hahitaji kununua kitu cha mbali ili aonekane ameshukuru. Isitoshe, wageni wanaofika kutazama hununua mazao na kazi za mikono za wenyeji.

3. Kinyago kinachotabasamu

Mji wa Bacolod, kisiwani Negros, umetegemea miwa kwa miaka mingi. Mwaka 1980 biashara ya sukari ilikuwa mashakani. Kisha tarehe 22 Aprili meli ya Don Juan, iliyokuwa ikitoka Manila kwenda Bacolod, iligongana na meli ya mafuta na kuzama. Familia nyingi zilifiwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wasanii na viongozi wa mji walianzisha MassKara, sherehe ya vinyago vinavyotabasamu, ili kuwainua watu moyo. Inaendelea hadi leo.

Lakini tabasamu halijazi tumbo. Katikati ya miaka ya 1980 bei ya sukari ilianguka, mashamba mengi yakasimama, na njaa ikaingia Negros. Vibarua wa miwa hawakuwa na ardhi ya kupanda chakula, na watoto wengi walipata utapiamlo. Sherehe iliwapa watu nguvu ya kuvumilia. Haikuondoa chanzo cha tatizo, yaani kutegemea zao moja na ardhi kuwa mikononi mwa wachache.

Gharama ni ya nani?

Katika fiesta nyingi huteuliwa mfadhili mkuu, anayeitwa hermano mayor, kubeba sehemu kubwa ya gharama. Vilevile kila nyumba hufungua mlango, na hata mgeni asiyejulikana hukaribishwa mezani. Huu ni ukarimu wa kweli. Hata hivyo zipo familia zinazokopa ili zisiaibike, na deni hubaki baada ya wageni kuondoka. Mwaka 1991 Mtaguso wa Pili wa Ufilipino uliamua kwamba Kanisa la huko liwe Kanisa la Maskini. Uamuzi huo unahusu pia namna ya kusherehekea.

Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorintho (1 Kor 11:17-22) kwa sababu katika mkutano wao mmoja alishiba na mwingine alibaki na njaa. Hakuwakataza kukutana mezani.

Kwa hiyo, ndugu wafadhili, tusiharakishe kuiita sikukuu ufujaji. Kamati inayoweza kuorodhesha kaya, kukusanya michango na kupokea wageni, inaweza pia kusimamia kisima au ghala la nafaka. Nanyi wanakamati, msiifanye sikukuu kuwa mzigo wa mjane.

Maswali ya kujadili

1. Sikukuu iliyopita ya parokia yetu iligharimu kiasi gani? Je, hesabu ilisomwa mbele ya waumini?
2. Ni kaya zipi zilikopa au zilikosa kuja kwa sababu ya mchango?
3. Ni vitu gani tulinunua mbali, wakati wakulima wetu wanavyo?
4. Baada ya sikukuu, ni tatizo gani la jumuiya tulilokuwa tumelifunika kwa ngoma?

Tunashauri majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na yasomwe tena kabla ya kupanga bajeti ya sikukuu ijayo.