Staji bila rundo la fishi: mwongozo kwa shule na vyuo vya Mutwanga, Beni na Butembo

Kila mwaka wanafunzi wa shule za ufundi, uuguzi na vyuo vikuu vya Butembo na Beni hutawanyika kwenda staji. Huyu anapelekwa hospitali ya Mutwanga, yule garaji ya Beni, mwingine ushirika wa wakulima wa kakao, mwingine karakana ya useremala Butembo. Kila mmoja hubeba bahasha yenye barua ya shule, mkataba wa staji, karatasi ya mahudhurio, daftari la kazi za kila siku na fishi ya alama. Staji ikiisha, bahasha hiyo ndiyo ushahidi kwamba kijana alifanya kazi. Ikilowa mvua au ikisahaulika kwenye pikipiki, ushahidi umekwenda. Na katika sekta ya Ruwenzori, ambako familia nyingi zimewahi kukimbia mashambulizi na kuacha kila kitu nyumbani, karatasi iliyo peke yake haina usalama.

Makala hii ni kwa maprefe, wakuu wa vyuo, walimu wanaosimamia staji na mabwana wa kazi wanaowapokea vijana. Inaeleza namna ya kuhamishia karatasi hizo kwenye simu na kompyuta bila kununua programu ya bei ghali, na bila kungoja mtandao uwe mzuri.

Hesabu fishi kabla ya kugusa simu

Tandaza mezani karatasi zote za staji za mwaka jana. Kwa kila moja uliza maswali matatu: nani anaijaza, nani anaisoma, na inaamua nini? Utakuta jina la mwanafunzi, shule, mwaka na mahali pa staji yameandikwa upya kwenye kila fishi. Utakuta pia fishi ambazo hakuna anayezisoma. Hujazwa kwa sababu zilijazwa miaka yote.

Fishi isiyosomwa na mtu ifutwe, isihamishwe. Shule inayopeleka fomu saba mbovu kwenye simu itabaki na fomu saba mbovu, tena zenye kuhitaji mega na chaji.

Angalia zaidi karatasi ya mahudhurio. Mara nyingi siku zote 12 za wiki mbili zina sahihi moja, kalamu moja, wino ule ule, mkono haujatetereka. Maana yake iko wazi: bwana wa kazi alisaini zote siku ya mwisho, kijana akiwa amesimama mlangoni. Karatasi hiyo haithibitishi mahudhurio, na ndiyo inayofaa kuhamishwa kwanza.

Zipi zihame, zipi zibaki

Mkataba wa staji ubaki kwenye karatasi kwa sasa. Hutiwa sahihi mara moja tu, unahitaji muhuri wa shule na wa mahali pa kazi, na ndio mzazi atakaouonyesha kukitokea ajali. Kwa kijana anayejifunza kazi nje ya shule, Sheria ya Kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 inataka mkataba wa kujifunza ufundi uwe wa maandishi. Utie sahihi, upige picha safi, kisha picha iwekwe kwenye faili la mwanafunzi.

Mahudhurio, taarifa ya kazi ya wiki na alama za msimamizi zihame. Hizi hujazwa mara nyingi, na ndizo zinazomchosha katibu. Chukua mfano wa shule yenye wanastaji 40 kwa mwezi wenye siku 24 za kazi. Hiyo ni mistari 960 ya mahudhurio ya kunakili na kujumlisha kwa mkono. Bwana wa kazi akituma fomu moja fupi kwa kila kijana kila wiki, shule itapokea fomu 160 tu kwa wiki nne, na kompyuta itazijumlisha yenyewe.

Cheti cha mwisho cha staji nacho kibaki kwenye karatasi yenye muhuri, kwa kuwa kijana atakipeleka kwenye ofisi ambazo bado huomba karatasi. Lakini kiandikwe kutoka kwenye orodha ya kompyuta, ili kikipotea kiweze kutolewa upya.

Chagua chombo kinachokubali mtandao kukatika

Mutwanga ina bahati ambayo vijiji vingi vya Kongo havina: umeme. Kituo kidogo cha umeme wa maji kilichojengwa kwa mpango wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga kilianza kazi mwaka 2013 kikiwa na uwezo wa megawati 0.4. Kuchaji simu basi si tatizo kubwa hapa. Tatizo ni mtandao, ambao huja na kuondoka. Kwa sababu hiyo, fomu za Google hazifai kwa bwana wa kazi aliye garajini; zinataka mtandao wakati ule ule wa kujaza.

Chombo kinachofaa zaidi ni KoboToolbox, ambacho mashirika ya misaada hukitumia sana mashariki mwa Kongo, kwa hiyo Beni na Butembo hukosi vijana waliowahi kukusanya takwimu kwacho. Kuna mpango wa bure wenye kikomo, na fomu hutengenezwa kwenye kompyuta. Kazi yake inakwenda hivi:

1. Mwalimu anatengeneza fomu, kwa Kifaransa au Kiswahili au lugha zote mbili.
2. Bwana wa kazi anaweka programu ya KoboCollect kwenye simu ya Android na kupakua fomu mara moja tu, penye mtandao.
3. Kila Jumamosi anajaza bila mtandao. Fomu inakaa ndani ya simu.
4. Akipata mtandao, hata baada ya siku tatu, anabonyeza kutuma.
5. Shule inapakua yote kama jedwali la Excel.

Fomu ikitengenezwa vizuri, simu inajiandikia saa na tarehe ya kuanza na kumaliza kujaza. Ripoti nne za wiki nne zilizojazwa dakika kumi za Jumamosi moja zitajulikana papo hapo. Punguza pia ukubwa wa picha katika mpangilio wa fomu, maana picha tatu nzito zinaweza kumaliza mega za mtu na akaacha kutuma kabisa.

Wapo mabwana wa kazi wasio na simu ya Android, au ambao mikono yao ina oili kutwa nzima. Usiwalazimishe. Sekta ya afya imetuonyesha njia. Takwimu za mwezi za kanda za afya za Kongo, Mutwanga ikiwa mojawapo, huingizwa katika mfumo wa DHIS2 uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Lakini muuguzi wa kituo cha kijijini bado hujaza rejista na fomu za karatasi; ofisi kuu ya kanda ndiyo huziingiza kwenye kompyuta. Fanya hivyo hivyo: fundi asaini karatasi moja ya wiki, mwalimu anayemtembelea aipige picha na kuijaza kwenye simu yake palepale.

Namba badala ya jina

Kwetu Wanande, jina hutaja nafasi ya mtoto katika uzao. Mvulana wa kwanza ataitwa Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Msichana wa kwanza Masika. Darasa moja linaweza kuwa na akina Kambale sita. Ukiacha kila mtu aandike jina kwa mkono, utapata Kambale, Kambalé na Kambala, na alama za mmoja zitamwangukia mwenzake.

Mpe kila mwanastaji namba ya shule, mfano EL-26-014: idara, mwaka, nafasi katika orodha. Kwenye fomu bwana wa kazi achague namba na jina kutoka kwenye orodha, asiandike kitu. Mahali pa staji napo pachaguliwe kwenye orodha.

Siri za watoto na usalama

Programu hizi zinaweza kurekodi mahali simu ilipo. Katika eneo lenye vita, zima kabisa kipengele hicho. Orodha inayoonyesha vijana wako wapi kila siku ni hatari ikianguka mikononi mwa mtu mbaya. Usiweke pia habari za kabila, dini au ugonjwa. Wanafunzi wa uuguzi wasipige kamwe picha ya mgonjwa wala rejista ya wagonjwa.

Kundi la WhatsApp linafaa kwa matangazo, si kwa alama. Nenosiri la akaunti liwe kwa watu wawili, kwa mfano prefe na katibu. Likijulikana na mmoja tu, siku akihamishwa Goma au Bunia, shule imefungiwa nje ya faili zake yenyewe. Kila mwisho wa mwezi, pakua jedwali, weka nakala kwenye flashi, na nakala ya pili ikae mji mwingine.

Sheria inasemaje

Kongo ina Sheria ya Dijitali iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023. Inakubali maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi kama karatasi, mradi aliyeyaandika ajulikane na maandishi yasiwe yamechezewa. Inalinda pia taarifa binafsi. Kwa hiyo mweleze mzazi na mwanafunzi, kwa lugha wanayoielewa, ni nini kinachotunzwa, kwa kazi gani na kwa muda gani, kisha watie sahihi ya kukubali. Mkaguzi wa elimu naye aonyeshwe mfumo kabla ya kuanza.

Anza na idara moja

Usibadilishe shule nzima kwa mkupuo. Chagua idara moja, mabwana wa kazi wasiozidi kumi, kipindi kimoja cha staji. Karatasi na simu ziende sambamba, kisha linganisha. Penye tofauti, tafuta sababu: je, swali halieleweki, au mtu hakutuma? Rekebisha, ndipo uongeze idara ya pili. Weka bajeti ndogo ya mega kwa wanaotuma. Ukimtaka fundi atumie fedha yake kwa kazi ya shule, atatuma wiki ya kwanza tu.

Mwalimu unayesoma hapa, usisubiri mradi kutoka Kinshasa. Wiki hii toa fishi za mwaka jana, futa zisizosomwa, na mpe kila mwanastaji namba yake. Kazi hiyo haihitaji umeme wala mtandao, na bila hiyo hakuna programu itakayokusaidia.