Bunduki ya kwanza ya shabaha

Swali: Mimi ni kijana wa Kinindo, Bujumbura. Nataka kuingia kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Ninunue bunduki gani kwanza?

Jibu: Ndugu yangu, anza na bunduki ya hewa ya mita 10, yenye risasi za milimita 4.5. Kabla ya kutoa hata faranga moja, omba kibali cha maandishi. Nchi yetu imepita vitani, na machoni pa askari bunduki ni bunduki.

Ukipata kibali, usivutwe na jina la bunduki. Tazama kitako: kiwe cha kurekebishika kufuata urefu wa mkono wako, na shavu litulie juu yake bila shingo kukaza. Uzito usizidi kilo 5.5, kikomo cha mashindano ya kimataifa. Alama 10 kwenye shabaha hiyo ni nukta ya nusu milimita, kwa hiyo kifyatulio kizito kitakuangusha.

Ukichagua bunduki ya mtungi wa hewa, mtungi ukipita miaka 10 haukubaliki mashindanoni, na kuujaza ni kazi. Mimi ningetafuta Feinwerkbau 601 iliyotumika: unavuta wenzo wa pembeni mara moja, hewa ya risasi moja inatosha. Unyevu wa ziwa hula chuma. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kila umalizapo mazoezi.