Mwache Aiwashe Mwenyewe

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akinunuliwa roboti ya kuchezea, mara nyingi mambo huishia hivi: kaka mtu ndiye anayebonyeza, roboti inatembea na kuimba, na mwenye zawadi amekaa anatazama. Kitufe ni kidogo kama punje ya mahindi, na kidole chake hakitui pale anapotaka.

Si lazima kununua roboti nyingine. Mwekee swichi ya nje. Chagua roboti ya betri za kawaida za kutoa na kutia. Za kuchaji achana nazo. Mwambie fundi redio achukue vipande viwili vya shaba nyembamba, aweke plastiki katikati visigusane, kisha akilehemu kila kimoja na waya wake. Kidude hicho huchomekwa kati ya betri na chuma inachogusa. Umeme ukifika hapo haupiti, mpaka uzunguke kwenye waya hadi swichi ya mtoto. Akibonyeza, roboti inatembea, akiachia, inasimama.

Kabla ya kumlipa fundi, fanya jaribio moja. Washa roboti, chomoa betri, irudishe. Ikiendelea yenyewe, mbinu hii inafaa. Ikikaa kimya ikingoja kitufe kingine kibonyezwe, itabidi ifunguliwe na waya ziungwe kwenye kitufe hicho.

Swichi iwe pana kama kiganja cha mtu mzima, na igandishwe isiteleze. Usikimbilie kuiweka mkononi. Mwangalie mtoto siku mbili tatu ujue ni kiungo gani kinachomtii: huenda ni goti, kiwiko au shavu. Ukishaiweka hapo, ngoja. Hesabu kimoyomoyo hadi ishirini, maana wengi wetu tunamshika mkono na kumbonyezea wakati mwili wake ndiyo kwanza unajipanga.

Kwa mtoto mwenye usonji, tatizo huwa kelele na mambo ya kushtukiza. Kaspar, mdoli wa roboti ulioanza kutengenezwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, ulipewa makusudi uso usio na mambo mengi. Una vihisi vya mguso: ukitekenywa unacheka, ukipigwa unasema unaumia, na unarudia vilevile kila mara bila kukunja uso. Sijaona mjomba aliyeliweza hilo. Kwa roboti ya dukani inayopiga makelele, bandika selotepu juu ya spika, sauti itashuka.

Kagua pia betri. Zile bapa za mviringo kama sarafu ni hatari: zikikwama kooni zinaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Kifuniko cha betri hizo lazima kifungwe kwa skrubu. Ukishuku tu kwamba mtoto kameza, mkimbize hospitali, usingoje akohoe wala atapike.