Dholuo Kushoto, Kiswahili Kulia: Maswali na Majibu kuhusu Safuwima

Kijitabu cha ibada ya mazishi kinachoandaliwa katika saiba (duka la huduma za kompyuta) ya Kisumu kikihitaji Dholuo na Kiswahili ubavu kwa ubavu, je, amri ya safuwima ya Microsoft Word inatosha?

Haitoshi, kwa kuwa amri hiyo hutengeneza safuwima za gazeti, yaani zile ambazo maandishi hushuka hadi chini ya safu ya kwanza ndipo yaendelee juu ya safu ya pili. Sentensi moja ikiongezwa upande wa Dholuo, yote yanayofuata husukumwa, na ubeti wa Kiswahili huachana na ubeti unaoutafsiri.

Njia ifaayo ni ipi?

Ni jedwali lenye safuwima mbili, ambamo kila ubeti au aya hupewa mlalo wake. Kwa kuwa mlalo hurefuka kufuata seli, yaani kisanduku, yenye maandishi mengi zaidi, lugha hizo mbili huanza pamoja kila mara, hata tafsiri moja ikiwa ndefu kuliko nyingine. Mistari ya jedwali hufichwa kazi ikikamilika, na mlalo huzuiwa usikatwe kati ya kurasa mbili. Programu ya kuandikia ya WordPerfect, iliyotamba katika miaka ya 1980, ilikuwa na safuwima sambamba kwa kazi hiihii. Microsoft Word haina amri ya namna hiyo, na hapo ndipo wengi hukimbilia kupanga maneno kwa kitufe cha nafasi, desturi mbovu isiyostahimili hata badiliko dogo la fonti.

Safuwima za gazeti zina kazi gani basi?

Zinafaa kwa matini ya lugha moja, kama wasifu wa marehemu au orodha ndefu ya wajukuu. Katika karatasi ya A4 yenye upana wa milimita 210, pambizo za milimita 25 kila upande na nafasi ya milimita 12 katikati huacha safu mbili za milimita 74, upana unaosomeka bila taabu. Vitufe vya Ctrl, Shift na Enter vikibonyezwa pamoja katika Word, maandishi yanayofuata huhamia safu ya pili.

Kwa nini mpangilio huvurugika faili ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine?

Mara nyingi fonti iliyotumika haipo huko, hivyo nyingine yenye herufi za upana tofauti hushika nafasi yake. Mpiga chapa apelekewe PDF, huku faili ya awali ikihifadhiwa, maana jamaa hawakosi kuleta jina lililosahaulika usiku wa kuamkia mazishi.